Alipokuja Shangazi Kumkanda Mama

Juzi nilikuwa napita mbele ya duka la maua, sina habari na maua wala na mwenye maua, nikasimama ghafla kama mtu aliyeitwa jina. Kwenye ndoo ya mlangoni kulikuwa na matawi ya mkaratusi, yale yenye majani ya mviringo rangi ya majivu wanayoyachanganya na waridi ili shada lionekane limejaa. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha na jua limeanza kuyapiga. Harufu ile ilinipanda kutoka puani mpaka machoni. Muuza maua akaniuliza kama nahitaji kitu. Nikamwambia hapana, nikaendelea kusimama palepale.

Kwa wengi wa rika langu, sisi tuliokulia Brussels katika nyumba za wazazi waliotoka Bujumbura, mkaratusi ni harufu ya mafua: kifua kinasuguliwa mafuta, blanketi linatupwa juu ya kichwa, sufuria ya mvuke iko chini ya kidevu na mtu mzima amekushika shingo usikimbie. Kwangu mimi ni harufu ya mama. Tena si mama wa siku zote, ni mama wa majira mamoja ya kuchipua, nilipokuwa na miaka saba. Majira yale ninayatamani hadi leo kuliko kipindi kingine chochote cha utoto wangu, ingawa kwake yeye hayakuwahi kuwapo mabaya zaidi.

Tulikaa Evere, ghorofa ya nne, katika jengo la matofali ambalo lifti yake ilinuka supu za watu wengine. Mama alisafisha ofisi. Aliondoka kabla sijaamka, akirudi analala kidogo, akiamka anaondoka tena. Nilimjua kwa vipandevipande: mlio wa funguo zake, koti lake lililokuwa na baridi ya nje, sauti yake kwenye simu ikiuliza kama nimekula. Papa, maana ndivyo tulivyowaita baba zetu sisi watoto wa Bujumbura, ndiye aliyenipeleka shule na kunifunga skafu, vibaya, kila siku.

Kisha mama akawa na tumbo. Walisema ni mvulana. Nilikuwa nikiweka mdomo karibu na kitovu chake na kumweleza mdogo wangu mambo ya darasani, nikimwonya kuhusu mwalimu wa kuogelea. Asubuhi moja, baridi ikiwa inakaribia kuisha, niliamka nikamkuta jirani jikoni ananipikia chai. Papa na mama walikuwa wameenda hospitali kule Woluwe. Baada ya siku chache walirudi. Nilisimama kwenye korido nikisubiri mlango wa lifti ufunguke, na ulipofunguka mama alikuwa ameshika begi tu. Alipita, akanigusa kichwa, akaingia chumbani.

"Mutoto yuko wapi?" nikamwuliza papa.

Papa aliinama kufungua kamba za viatu. Alizifungua taratibu sana, kama viatu si vyake.

"Mutoto amebaki," akasema.

Sikuuliza amebaki wapi. Neno lenyewe lilinitosha. Kubaki nilikujua vizuri: mtoto anabaki shuleni mpaka mzazi aje kumfuata, mwavuli unabaki kwenye basi na kesho unaenda kuuulizia. Kitu kilichobaki kinafuatwa. Nikaenda kucheza.

Lakini nyumba ilibadilika. Mapazia ya chumba cha mama hayakufunguliwa. Papa alipika wali siku zote, na siku zote ukaungua chini. Mama alilala ameelekea ukutani, na nikiingia alinipa mkono wake kwa nyuma bila kugeuka, nami nikaushika nikakaa chini kitandani. Mkono ulikuwa wa moto. Wakati mwingine nilisikia analia, nikafikiri ni kwa sababu hospitali wanachelewa.

Ndipo akaja Shangazi Zuwena.

Shangazi Zuwena alikuwa dada mkubwa wa papa. Alikaa upande wa pili wa jiji, Auderghem, karibu na msitu, na kazi yake ilikuwa kuwaogesha na kuwalisha wazee katika nyumba ya wazee. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mwanya na mikono mikubwa kama ya mwanamume. Yeye na mama walikuwa hawasemeshani tangu harusi moja, ambako kulitokea neno juu ya nani apike pilau na nani akatwe jina kwenye orodha ya wageni. Sikuwahi kuelewa kiini chake. Nilichojua ni kwamba jina lake likitajwa mama alikuwa anabana midomo. Kwa hiyo nilipofungua mlango nikamwona amesimama pale na sanduku, na kikapu, na kwapani amebana mzigo wa matawi ya mkaratusi uliofungwa kwa karatasi la duka la maua, nilijua kuna jambo.

"Saki, mama, uko salama?" akanibusu. "Mama yako iko wapi?"

Hakungoja jibu. Alivua viatu, akaenda moja kwa moja chumbani. Mimi nyuma yake.

"Nani amekuita?" mama aliuliza bila kugeuka. Alikuwa amemjua kwa hatua zake.

"Hakuna ameniita. Nimekuja kukukanda."

 Kisha mama akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, sauti kavu: "Mimi sina mutoto, Zuwena. Unanikanda ya nini?"

Shangazi alienda dirishani akavuta pazia. Jua liliingia likaonyesha vumbi lote lililokuwa hewani. Akafungua na dirisha lenyewe, na sauti za chini zikaingia: basi, mbwa, mtu anapiga filimbi.

"Mwili haujui ile habari, wifi," akasema. "Mwili unajua umezaa, basi. Na muntu amezaa anakandwa. Alors, amka."

Mama hakuamka. Shangazi hakubishana. Alienda jikoni, akatoa sufuria zetu kubwa zote, akajaza maji, akayapasua majani kwa mikono na kuyatia, pamoja na tangawizi na konzi ya chumvi. Maji yalipoanza kuchemka nyumba nzima ikajaa harufu ile. Ilitambaa chini ya milango. Dirisha la jikoni likatoa jasho. Nadhani ni harufu iliyomtoa mama kitandani na si maneno ya mtu, kwa sababu baada ya muda nilimwona amesimama kwenye mlango wa jikoni, nywele zimesimama, anashikilia fremu.

"Umeitoa wapi?" akauliza.

"Kwa muuza maua. Alikuwa anaitupa. Hawajui ni kitu gani."

Mama akaifuata sufuria bafuni kama mtoto.

Mimi nilipewa kazi ya kushika taulo kavu. Shangazi alichovya taulo nyingine kwenye maji ya moto, akaikamua mpaka mishipa ya mikono ikamtoka, akaibandika mgongoni mwa mama na kuikandamiza kwa uzito wake wote, kuanzia mabegani kushuka kiunoni, akisema "Bismillah" kila mara alipoanza upya. Mvuke ulikuwa mzito hadi nilimwona mama nusunusu. Kisha nikasikia analia. Si kile kilio cha ukutani. Kilikuwa kilio cha kinywa wazi, kikubwa.

"Shangazi, maji ni ya moto sana!" nikapiga kelele. "Unamuunguza!"

"Siyo maji, mama," alinijibu bila kuacha kukanda. "Acha tu. Ushike taulo yako muzuri."

Alipomaliza, alimfunga tumbo kwa kitenge, akamzungushia mara nyingi na kukaza, akampaka mafuta ya karite miguuni hadi nyayo zikang'aa, akampa uji wa ulezi wenye pilipili manga. Mama aliunywa wote. Kisha akalala, na mara hii alilala ameelekea dirishani.

Shangazi alichukua likizo kazini akahamia kwetu kwa arobaini nzima, ule muda ambao kwao mzazi hashiki kazi wala hatoki nje. Alilala kwenye godoro langu na mimi nikalala kwenye mto wa sofa chini yake. Kila asubuhi ilikuwa vilevile, na nilivyoipenda! Madirisha yalifunguliwa kwanza. Alisema nyumba iliyozaa nayo inahitaji kupumua. Mablanketi yalianikwa kwenye balkoni mpaka jirani wa chini, bibi mmoja wa Kibelji, akatuuliza kama tunahama. Mapazia yalifuliwa yote. Kisha maji, majani, taulo. Kisha uji. Jioni alimsuka mama, na mama akanisuka mimi, tumekaa mstari mmoja sakafuni kama watu walio kwenye mtumbwi, na mikono ya mama ilikuwa inanukia mkaratusi na karite. Katika mtaa wetu miti ilikuwa imeanza kutoa maua ya rangi ya waridi, ile miti isiyozaa kitu, na Shangazi alileta tawi moja lililokuwa na vifundo tu akaliweka kwenye chupa ya maji kando ya kitanda. Baada ya siku kadhaa likafunguka ndani ya nyumba. Mama alilitazama kwa muda mrefu. Siku iliyofuata nilimwona anabadilisha maji ya chupa mwenyewe.

Mnielewe: sikuwahi kuwa na mama kiasi kile. Nilikuwa nikitoka shule ninamkuta nyumbani. Niliingia, nikavua viatu, na alikuwepo, ana joto, ana harufu, amekaa.

Na kulikuwa na kabichi. Friji yetu ilijaa kabichi, wao waliziita shu, na hakuna aliyezila. Shangazi alikuwa anabandua jani moja moja, analilaza mezani na kulivingirishia chupa hadi mishipa yake inapasuka kwa sauti ndogo, halafu anampelekea mama, naye analiweka ndani ya sidiria. Leo najua. Maziwa yalikuwa yamemjaa na hayakuwa na wa kuyanyonya, na jani baridi la kabichi hupunguza maumivu. Wakati ule niliona tu mama anavaa kabichi kifuani, nikaanza kufikiri.

Nilikaa dawati moja na mvulana wa Kibelji ambaye mama yake alikuwa ametoka kujifungua. Huyo ndiye aliyenipa elimu niliyokosa. Wasichana, alisema, wanatoka kwenye ua la waridi, na wavulana wanatoka kwenye kabichi. Bibi yake ndiye aliyemwambia, na bibi yake alikuwa na shamba, kwa hiyo alijua. Nikamwuliza inachukua muda gani. Akasema inategemea na mvua.

Basi yote yakakaa sawa kichwani mwangu. Mdogo wangu alikuwa amebaki kwenye kabichi. Hakuwa ameiva. Mama alilazimika kurudi nyumbani bila yeye, na sasa alikuwa anavaa yale majani ili kifua chake kinuke kama kule mtoto aliko, na siku akitoka amjue mama yake asiogope. Na Shangazi, pamoja na maji yake na mafuta yake na madirisha yake, alikuwa anamtengeneza mama na nyumba vimpokee. Nilifurahi hadi nikashindwa kula.

Jumatano hatukuwa na shule mchana, na siku hiyo Shangazi alinichukua kwenda kwake Auderghem kumwagilia mimea yake. Alikaa ghorofa ya chini kabisa, na nyuma ya nyumba palikuwa na kipande cha bustani kisichozidi ukubwa wa chumba, na nyuma ya ukuta wa bustani ulianza msitu. Sijasahau msitu ule ulivyokuwa mwanzoni mwa Aprili, majani madogo hata hayajakunjuka, yanapitisha jua kama karatasi. Kandokando ya ukuta yaliota yale majani yanayowasha, ambayo hapa huitwa ortie. Shangazi alivaa glavu za kuoshea vyombo akakata vichwa vyake vichanga tu.

"Tunayapika kama lengalenga," akasema, maana ndivyo alivyouita mchicha. "Na karanga. Yanaleta damu. Mama yako alipoteza damu mingi."

Niliyagusa ili kuhakikisha, nikapata nilichokitafuta. Alicheka, akachuma jani pana lililoota jirani, akalisugua kwa mate na kunipaka. Kisha akatoa boksi la miche. Zilikuwa kabichi, ndogo, za majani mawili mawili.

 Nilimsaidia kuzipanda. Tulipomaliza nikauliza, kwa sauti ya chini maana niliona ni jambo la heshima: "Shangazi, ipi ni ya kwetu?"

"Zote ni za kwetu."

"Hapana. Moja. Ya kwetu nyumbani."

Alifuta jasho kwa kiwiko, akanitazama, akaona si mzaha. "Bon. Chagua."

Nilichagua ile iliyokuwa karibu na ukuta, kwa sababu upepo haukuifikia. Kuanzia hapo kila Jumatano nilikuwa nachuchumaa mbele yake na kuieleza habari: kwamba mama ameanza kula, kwamba nimeachiwa kuoga na yale maji mwishoni yakishapoa, kwamba kuna kofia ya sufu nyeupe kwenye droo inamsubiri. Shangazi alifikiri naongea na mimea kama watoto wanavyofanya, na aliniacha.

Mama naye akaanza kurudi. Kwanza alikula zile ortie kwa karanga, akasema chumvi imezidi; Shangazi akainua mikono juu akamshukuru Mungu kwamba wifi yake ameanza tena ubaya. Kisha siku moja, nikiwa nimekaa chini ya meza ya jikoni, Shangazi alimsimulia jinsi alivyokwenda msituni na wenzake wa kazini mwaka wake wa kwanza Ubelgiji, akabanwa na haja, akachagua kichaka kizuri kilichojitenga, akachuchumaa juu ya ortie. "Nilirudi kazini nimesimama siku mbili! Wazee wananiambia, Zuwena, kaa basi, na mimi naambia hapana, ninapenda kusimama." Mama alianza kucheka. Alishika tumbo lililofungwa kitenge, akisema "acha, Zuwena, acha, naumia," na akacheka mpaka akalia, na Shangazi akaweka mkono wake mkubwa juu ya mgongo wa mama akauacha pale. Wakakaa hivyo. Sikumbuki tena mama kubana midomo jina lile likitajwa.

Arobaini ikaisha. Asubuhi ile Shangazi alichoma ubani kila chumba, mama alioga mara ya mwisho kwa maji ya majani, akavaa kitenge kipya cha rangi ya samawati, akapaka wanja. Papa alivaa kanzu na koti juu yake. Walikuwa wanaongea polepole. Hakuna aliyeniambia tunakwenda wapi, na sikuhitaji kuambiwa. Nilifungua droo, nikatoa kofia nyeupe ya sufu, nikaitia mfukoni mwa koti langu.

Nilianza kushangaa tulipofika kituo cha basi na kukipita. Tulitembea. Tulifuata ukuta mrefu, tukaingia kwenye geti, na ndani kulikuwa na miti na nyasi na mawe yenye majina. Papa alitangulia. Alitupeleka hadi upande wa Waislamu, mwisho kabisa, ambako makaburi yalikuwa mafupi, akasimama mbele ya tuta moja dogo lililokuwa limeanza kuota majani. Akainua mikono akaomba dua. Shangazi akainua yake. Mama alisimama tu, mikono imeshuka.

Nilingoja waseme amina. Kisha nikavuta kitenge cha mama.

"Mama, tunamuchukua saa ngapi?"

"Nani?"

"Mutoto. Huku siyo. Tumekosea njia. Yeye iko kwa Shangazi."

Wote watatu waligeuka. Nikaona hawaelewi, nikawaelezea kwa subira, kama unavyowaelezea watu wazima: kwamba alibaki ndani ya shu, ile ya karibu na ukuta, kwamba imekua vizuri, Jumatano iliyopita ilikuwa imeshatoa majani mapya katikati. Nikatoa kofia mfukoni ili waone kwamba sikusahau.

Papa alitembea akaenda zake mpaka kwenye mti, akatugeuzia mgongo. Shangazi aliziba mdomo kwa mikono yote miwili. "Ya Rabi," akasema ndani ya viganja. "Ile ya karibu na ukuta."

Mama alikaa chini. Alikaa kwenye nyasi zenye umande na kitenge chake kipya, akanivuta nikakaa mapajani mwake, ingawa nilikuwa mkubwa.

"Sakina, nisikilize. Mutoto alikufa. Alikufa ndani ya tumbo, mbele hajazaliwa. Papa yako alimuleta hapa na watu wa msikiti. Mimi nilikuwa bado hospitali. Ni mara yangu ya kwanza kufika."

"Papa alisema amebaki."

"Amebaki hapa."

Nilitazama tuta. Lilikuwa dogo kuliko sanduku la Shangazi. Sikulia mara moja. Kwanza nilikasirika, nilihisi nimedanganywa na kila mtu, na yule mvulana wa darasani, na mvua.

"Na yale majani ya kifuani?"

"Yalikuwa juu ya maziwa. Maziwa yalinijaa, yananiuma."

"Mimi nilikuwa namungoja," nikasema, na hapo nikalia.

Mama aliweka kidevu chake juu ya kichwa changu. 

"Na mimi nilikuwa namungoja," akasema. "Hata leo asubuhi nikijivika."

Kisha akaniambia jina lake. Hakuna aliyekuwa amelitaja nyumbani hata mara moja. Aliitwa Issa. Mama alilitamka, papa akageuka kule kwenye mti akarudi, akachuchumaa mbele yetu, akalitamka naye. Tulikaa pale hadi kitenge kikalowa chote. Mama alichukua kofia kutoka mkononi mwangu, akaikunja, akaitia kifuani mwake, na hakuna aliyeizungumzia tena.

Shangazi aliondoka wiki ileile. Ile kabichi hakuikata. Aliniuliza nataka ifanywe nini, nikamwambia iachwe, na mwaka uliofuata ilirefuka ikatoa maua ya njano, mabaya kidogo. Mama alirudi kusafisha ofisi. Funguo zikarudi kulia alfajiri, koti likarudi kuwa na baridi. Alikuwa mzima, alicheka, alipika, lakini aliondoka. Sikupata mdogo mwingine. Na mimi, nikiwa mtoto, kisha msichana, kisha mwanamke anayelipa kodi ya nyumba yake mwenyewe Gent, nimebaki na hamu isiyo na adabu: natamani majira yale yarudi. Natamani mstari wetu sakafuni, vitana viwili vikifanya kazi. Natamani kurudi shule nikijua mtu yupo. Kwa miaka mingi niliificha hamu hiyo, kwa sababu nitawezaje kuitamani furaha iliyoletwa na kifo cha ndugu yangu? Lakini hamu haiombi ruhusa, na nimechoka kuikemea.

Shangazi alipostaafu alirudi Bujumbura kwa moyo wake wote, akisema mifupa yake imeshapata baridi ya kutosha. Kwenye uwanja wa ndege mama alimshika mpaka wakalazimika kutangaza jina lake. Na tangu hapo, kila mwaka baridi ikilegea, simu ilikuwa inalia nyumbani Evere, kwanza ya kadi, yenye mwangwi, baadaye ya WhatsApp, na sauti kubwa ileile: "Wifi! Huko kumeanza kuwa kijani?" Mama alikuwa anaenda kusimama balkoni na simu sikioni, anamhesabia mti kwa mti. Ule wa kona umetoa vifundo. Ule wa mbele ya shule bado, ni mvivu kama mwaka jana. Yule bibi wa chini amepanda nini sijui kwenye kopo. Shangazi kule kwenye joto lake anaitikia "eeh, eeh," kama anayesikiliza habari za watoto wa ndugu.

Alifariki msimu wa mvua kule, kwa moyo, usingizini. Mama hakupata nafasi ya kwenda.

Machi iliyofuata nilikuwa jikoni kwangu, siku ya kwanza ya kufungua dirisha, nikamfikiria mama amesimama balkoni hana wa kumwambia. Nikachukua simu. Alipokea haraka kuliko kawaida yake.

"Mama," nikasema, "huko kumeanza kuwa kijani?"

 Nilisikia basi linapita chini yake.

"Saki, wewe si uko Gent? Hapo na hapa si majani ni yaleyale?"

"Ni yaleyale. Lakini niambie."

Nikasikia mlango wa balkoni unafunguliwa, nikasikia anavuta kiti. Akakohoa kidogo, kama mtu anayejiandaa kusoma mbele za watu.

"Bon," akasema. "Tuanze na ule wa kona."